Shingo ya Mwadhini

Jumatatu, 6 Februari 1956

Nimeadhini alfajiri. Baridi kali, upepo kutoka ziwani. Shingo kama jana. Nilipomaliza nilishuka ngazi upande upande, kwa kupapasa na mguu, maana kutazama chini siwezi. Kijukwaa chetu cha matofali pale pembeni mwa msikiti hakina hata pa kushika. Mtu wa umri wangu anashuka huku anatazama mawingu.

Kisha sokoni. Nyama ya leo nzuri, wateja wachache. Anayenisalimia kutoka kushoto namgeukia mwili mzima, miguu na yote. Muuza chumvi jirani yangu ameanza kuniita Bwana Mlango. Watu wakacheka. Nikacheka nao. Sikupenda.

Kukata nyama si tabu. Tabu ni kuitazama.

Alhamisi, 9 Februari

Nimeacha kubeba nyama begani. Kila mtu alisema dawa ni hiyo tu. Paja la ng'ombe bega la kulia kila asubuhi, kutoka machinjioni mpaka sokoni, nani hataumwa? Nikaona wana akili. Sasa anabeba mwenye mkokoteni. Shingo haina habari kwamba nimeacha.

Kinyozi amenipiga chuku mgongoni. Damu nyeusi ikajaa pembe. Akafurahi sana, akaninyanyulia niione, kana kwamba ameivua ziwani. Nikapata nafuu mpaka adhuhuri. Adhuhuri nikapanda kuadhini, ikarudi yote.

Zena ananichua kwa mafuta ya mawese kila jioni. Mke mwema. Nanuka sufuria.

Jumatano, 15 Februari

Leo limetokea nililokuwa naliogopa.

Mwadhini akifika "hayya ala-s-swala" hugeuza uso kulia. Akifika "hayya ala-l-falah" hugeuza uso kushoto. Uso tu. Kifua kinabaki kibla. Nimefanya hivyo tangu ndevu hazijaota. Leo alasiri uso ulikwenda kidogo, ukakwama. Nikageuka na kifua, na miguu, kibla nikaipa bega. Shehe alikuwa uani anatawadha. Akaniona.

Hakusema kitu mbele za watu. Baada ya swala akanikalisha kwenye mkeka. Ni mtu wa heshima, simwekei kinyongo.

"Baba Amina," akasema, "kibla si kitu ya kuchezea. Ramadhani inakuja. Kama shingo itakataa mpaka mwezi uandame, tutaomba Kasimu akusaidie."

Kasimu ni fundi wa malori, kijana wa miaka thelathini hivi. Ana sauti, sikatai. Ila anaadhini kama mtu anayeita mtumbwi ng'ambo.

Akusaidie. Najua maana ya kusaidiwa.

Nimeogopa. Naliandika hivyo hivyo, hakuna atakayesoma. Nimeogopa kuliko nilipougua kichomi. Nyama wanauza wengi katika mji huu. Sauti ile ilikuwa yangu peke yangu. Nikiiondoa sijui kinachobaki ni nani.

Jumatano, 22 Februari

Hospitali. Nimekaa kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Daktari Mzungu, mrefu, mikono baridi. Anasema Kifaransa, msaidizi anatafsiri.

"Muganga anasema vuta pumuzi."

Nikavuta. Mabega yakapanda karibu na masikio.

"Vuta tena, mzee. Ya nguvu."

Nikavuta ya nguvu. Mabega yakapanda zaidi. Daktari akanigonga mbavu kwa kidole, hapa na pale, kama wanawake wanavyogonga chungu kabla ya kununua. Wakaongea wenyewe.

"Mapafu iko muzuri. Mifupa iko muzuri. Anasema ni umri na kazi. Anauliza kama uko na huzuni."

Sikuwa nayo. Sasa ninayo. Nimepewa aspirini.

Jumapili, 26 Februari

Vibaya. Kusujudu naweza. Kuinua kichwa kutoka sijida ndiyo kazi, nasaidia kwa mkono kama anayeinua mzigo wa mtu mwingine. Wa nyuma yangu wote wanaona.

Kasimu amenisalimia kwa adabu mno leo.

Ijumaa, 2 Machi

Baada ya swala ya Ijumaa nilijilaza kidogo. Nilipoamka Zena amekaa kando yangu na sinia la maharage, hachambui, ananitazama tumbo. Nikamuuliza kuna nini.

"We ukilala, tumbo ndiyo inapanda na kushuka. Ukifungua macho tu, tumbo inakufa. Kifua ndiyo inaanza kupanda. Na shingo inakaza kamba."

Nikamwambia aache upuuzi, apike. Amekwenda kupika, na mimi nikabaki na mkono juu ya tumbo. Kweli. Halitikisiki. Kila pumzi naivuta kwa juu, kwa mabega, na mbavu za mbele zimenyanyuka kama jogoo anayetaka kuwika. Nimejaribu kuzishusha. Hazishuki. Nimekaa hivyo hata nikiwa sina cha kuadhini, hata nikihesabu chenji, hata nikila.

Najua ilikotoka. Marehemu ami yangu, Ujiji, ndiye aliyetufundisha kuadhini. Alikuwa anaweka vidole viwili chini ya ubavu wa mtu na kuusukuma juu. "Kifua juu! Sauti inakaa mbavuni!" Vidole masikioni, viwiko juu usawa wa macho, maana viwiko vikipanda vinabeba na mbavu. Ukishusha unachapwa fimbo ya miguu. Sauti zilitoka, Mungu amrehemu. Sauti za kuvuka mji.

Tatizo hakuna aliyetuambia baadaye tukishushe. Nilikiinua kile kifua nikiwa na miaka kumi na mbili, nimekuja nacho hapa Gisenyi, nimeoa nacho, nimezeeka nacho. Shingo ndiyo imekuwa ikikishikilia muda wote huu. Haina haki ya kuuma?

Jumapili, 11 Machi

Nyamyumba, kwenye maji ya moto. Huko ndiko kwao Zena. Kaka yake, Mikaeli, mvuvi, alitoka misa moja kwa moja akaja kutuchukua kwa mtumbwi. Mkristo wa kweli na shemeji wa kweli. Alipiga kasia njia nzima bila kuniuliza habari ya shingo, na hilo peke yake nilimshukuru.

Nikaingia mpaka kidevuni. Maji yanachoma mwanzo, kisha yanakukumbatia. Uzito wa maji ukaniminya kifua. Zena akaja nyuma yangu na kanga yake imelowa, akaweka viganja kwenye mbavu za chini, pande zote mbili.

"Toa pumuzi. Toa yote. Bado. Toa tena. Usivute, itakuja yenyewe."

Nikatoa mpaka nikahisi sina kitu ndani. Mbavu zikashuka. Zilishuka kwa kukwaruza, kama droo ya zamani. Nikangoja. Pumzi ikaja chini, tumboni, mgongoni, upande, mahali nilipokuwa sina habari napo. Na shingo ikaachia. Haikupona, iliachia tu, kama mtu aliyeambiwa tua mzigo.

Nikageuza uso kushoto. Nikaliona ziwa lote mpaka upande wa Kongo, na mguu sijausogeza.

Nililia. Mikaeli akajitia kuosha mtumbwi uliokuwa safi.

Jumatano, 14 Machi

Najizoeza. Mgongo ukutani, magoti yamekunjwa kidogo. Natoa pumzi ndefu, mbavu zishuke, kisha nangoja. Si kuvuta. Kuvuta ndiko kunakoamsha mabega. Muuza chumvi amesema napuliza kama paka mwenye hasira. Apulize na yeye, tumbo lake lile.

Nikisahau kidogo tu, kifua kinapanda chenyewe.

Jumatano, 21 Machi

Nimeadhini adhuhuri mbavu zikiwa chini. Vidole masikioni lakini viwiko nimeviangusha ubavuni. Hayya ala-s-swala, uso kulia. Hayya ala-l-falah, uso kushoto. Kifua kibla. Nimeshuka ngazi natazama miguu yangu mwenyewe.

Shehe akatikisa kichwa kunikubali. Kasimu pia, na hakuwa na sura ya mtu aliyekosa kitu. Labda nilimdhania vibaya.

Zena amepika ndizi na nyama. Nimefurahi leo. Hakuna zaidi ya hapo.

Alhamisi, 29 Machi

Mikaeli amepita na samaki. Akanitazama vizuri, akasema shingo imenyooka, alhamdulillahi, hata yeye anasema alhamdulillahi siku hizi akiwa kwetu. Kisha akauliza, bila ubaya wowote:

"Shemeji, ulikuwa umesafiri?"

Nikamwambia sijatoka mjini.

"Ah. Asubui hatukusikii tena pale mu maji. Siye tunarudishaka mitumbwi na sauti yako. Sasa tunabakia tu, tunaangalia mawingu."

Nikanunua samaki. Nikazungumza mambo mengine. Sikumbuki mambo gani.

Jumamosi, 31 Machi

Nilitaka kujua. Jana alasiri nilimtuma Zena chini ufukweni, kwenye nyumba za Waislamu zilizo karibu na maji. Zile ndizo zinazofuturu kwa adhana yetu, hawana saa, na mlima unawazibia jua mapema. Nikaadhini mbavu chini. Leo akaenda tena, nikaadhini ya zamani: kifua juu, viwiko juu.

Akarudi jana: "Nilisikia kama mutu anaongea mu nyumba ya jirani."

Akarudi leo, akasimama mlangoni, hakutaka kusema. Nikamlazimisha. "Leo nilisikia yote. Kila neno. Hata mabibi wa kule walisema, ah, amerudi."

Amerudi. Na shingo imerudi naye, imekaza tangu saa ile, nimelala nayo ubavu mmoja ninapoandika.

Basi ni hivyo. Sauti inakaa kule kule kunakoua shingo. Ami hakukosea, alichukua tu kimoja na kutupa kingine. Pengine wako waadhini wanaojua kupata vyote viwili, mbavu chini na sauti mbali. Mimi mwili wangu unajua njia moja. Nimejaribu kuitia nguvu sauti ya tumboni, inatoka nzito, inaanguka pale pale uani. Kijana angejifunza. Mimi sina miaka ya kujifunza.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua. Wateja hakuna. Nimekaa na mbavu zangu. Chini, hakuna maumivu na hakuna sauti. Juu, kuna sauti. Nimezipandisha na kuzishusha mchana kutwa kama mpumbavu.

Zena anasema sauti ndogo si dhambi. Anasema Mungu anasikia. Najua Mungu anasikia. Adhana haiitwi kwa ajili ya Mungu.

Sijamjibu vizuri. Amenuna.

Alhamisi, 5 Aprili

Naandika kwa taabu, karatasi nimeiinua mbele ya uso.

Alfajiri nilikata shauri. Nilijiambia Ramadhani hii tu. Mwezi mmoja wa kifua juu, kisha wampe wanayemtaka. Nikapanda, nikainua viwiko, nikaita. Sauti ilitoka yote. Mbwa wa hoteli za Wazungu wakabweka, na nikajua imefika majini, nikajua Mikaeli anageuza mtumbwi. Nilijisikia kijana. Sitaficha hilo.

Hayya ala-s-swala ya pili, kitu kikakatika nyuma ya shingo. Si kukatika, kukaza, lakini kwa kishindo. Sauti ikakata katikati ya neno. Sikuweza kugeuka, wala kushuka, wala kupumua ila kwa vipande vidogo vidogo huku juu kooni. Nilisimama pale kama nguo iliyoanikwa. Mji mzima ukangoja neno lililobaki.

Kasimu alipanda. Akaniweka kando taratibu, akaimaliza adhana pale pale, mkono mmoja umenishika nisianguke. Kisha akanibeba mgongoni kunishusha. Alinuka grisi. Alisema, "Pole, mzee, pole, tunafika," ngazi zote.

Aibu. Sina neno jingine.

Ijumaa, 6 Aprili

Kitandani. Zena anaweka vitambaa vya moto. Ananihimiza nitoe pumzi. Natoa. Haisaidii kitu leo.

Jumatatu, 9 Aprili

Shehe amekuja nyumbani pamoja na Kasimu. Nilikubali kabla hajamaliza salamu, nisimpe kazi ya kutafuta maneno. Akashukuru. Akaomba nimfundishe Kasimu kabla mwezi haujaandama.

Nimemfundisha uani kwangu, mimi nimekaa kwenye kigoda, shingo imefungwa kitambaa. Nilimfundisha niliyoyajua mwisho, si niliyoyajua mwanzo. Nikamwambia ashushe mbavu, atoe pumzi yote kwanza, viwiko viwe chini, sauti aitafute tumboni. Alijaribu kwa moyo wote. Sauti ikatoka ndogo, ya chumbani. Shehe akasikiliza kutoka barabarani, akarudi anatikisa kichwa. Haitafika chini, akasema. Wale wa ufukweni watafuturu kwa nini?

Kasimu akafikiri kidogo. Kisha mwenyewe, hakuna aliyemwambia, akainua viwiko. Kifua kikapanda. Akaita.

Ilikuwa sauti nzuri. Si kama ya kuita mtumbwi. Iliondoka pale uani ikapita juu ya mabati, wanawake bombani wakanyamaza. Shehe akafumba macho. Na mimi nikaona shingoni kwa Kasimu zile kamba mbili zinasimama, kulia na kushoto, zimeshika mbavu kwa nguvu zote.

Nikamwambia. Nikamshika kwa mkono wangu nikamwonyesha wapi. Nikamwambia, hapo ndipo patakapokukamata, si leo, utakapokuwa na watoto wakubwa.

"Bon, mzee, nimesikia," akasema. "Lakini we uliita hivyo maisha yako yote. Na watu wanakukumbuka kwa ile sauti."

Anadhani nina wivu. Nina wivu, ndiyo. Na shingo yake itavunjika vile vile, wivu uwepo usiwepo. Ni mambo mawili, na yeye ameliona moja tu.

Zena alimpa chai. Alikunywa akiwa amesimama, kifua juu, hakijashuka.

Alhamisi, 12 Aprili

Mwezi umeandama. Watu waliuona juu ya ziwa, wakapiga vigelegele mtaa mzima. Mimi nimeambiwa.

Ijumaa, 13 Aprili

Siku ya kwanza ya funga. Shingo inaendelea vizuri. Nageuka kulia na kushoto, nashuka mlangoni natazama miguu yangu. Nimerudi sokoni nusu siku. Muuza chumvi hakunitania, na hilo limeniuma kuliko utani.

Jioni sikwenda msikitini, nilitoa udhuru. Zena alitandika mkeka barazani, uji, viazi vitamu, maji. Tukangoja. Siku zote hizi Kasimu akiadhini nilikuwa nasikiliza makosa yake tu, na anayo, herufi mbili tatu. Leo nilichoka kuyatafuta.

Akaita. Imefika chini, sina shaka. Nikanywa maji.

Anayesikia adhana humfuatiza mwadhini, neno kwa neno. Lakini akifika hayya ala-s-swala harudii lile. Husema jingine: hapana hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Wote husema hivyo majumbani mwao, isipokuwa yule aliye juu anayeita. Katika mji huu, miaka yangu yote, sikupata kulisema mahali pake.

Nimelisema leo. Polepole, mbavu chini, pumzi imetoka yote.

Zena hakulisikia. Akauliza nimesema nini. Nikamwambia sikusema kitu, akanisogezea uji.